Baba aliota jembe

Asubuhi ile ya Machi 2009 baba alikaa mezani, hakugusa chai, akasema usiku mama yake amemletea jembe. Bibi alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma. Baba akasimulia taratibu kama mtu anaetoa taarifa ya msiba, kwamba alimwona bibi amesimama kwenye migomba pale karibu na kaburi lake, kavaa kitenge chake cha kanisani, hakusalimia wala nini, akamnyooshea jembe lenye mpini mpya afu akageuka akaenda zake. Hiyo ndo ndoto nzima. Akamaliza kwa kusema, "Mlimani sirudi tena. Mama ameniita kihambani." Kihamba ndo shamba letu la migomba la ukoo.

Mi nilikuwa na miaka 18. Matokeo ya form four yalikuwa yametoka, division three ya point 23, F ya hesabu na B ya baiolojia, serikali hainichukui kwa hayo ila shule za kulipia zilikuwa zinanipokea na baba alishaniahidi. Nilikuwa nataka udaktari. Na ada ilikuwa inatoka mlimani. Kwahiyo naomba uelewe, wakati baba anasimulia lile jembe mimi nilikuwa nahesabu kichwani, na nilimaliza kuhesabu kabla hajamaliza kusimulia.

Baba alikuwa mgumu. Kwa ambae sio mtu wa Moshi, mgumu ndo yule anaebeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro, kwenye vitabu wanaandika mpagazi ila huku tunasema mgumu na jina linajieleza. Alikuwa anapanda njia ya Marangu kwasababu sisi ni wa Kilema, ni karibu. Siku ya kwanza mnalala Mandara, ya pili Horombo mita 3,720, afu Kibo mita 4,700 na kitu, kuna baridi ambayo ukimwaga maji asubuhi unakuta barafu, na hapo wageni wanaamshwa usiku wa manane kwenda kileleni mita 5,895 wakati wagumu wengi wanabaki vibandani wanasubiri. Mzigo mwisho kilo 20, hiyo ndo sheria ya hifadhi, na juu ya hizo kilo 20 kuna begi lako mwenyewe. Baba alifanya kazi hiyo miaka 17. Alikuwa na ngozi ngumu nyuma ya shingo kama ya kisigino, nilikuwa naishika nikiwa mdogo akinibeba.

Sasa mtu wa hivyo anaacha kazi kwa ndoto.

Nyumbani kila mtu aliipokea kwa namna yake. Mama alinyamaza. Baba mkubwa alikuja jioni ile ile na mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaenda kaburini wakamwaga kidogo, wakachomeka na majani ya sale, wakaongea na bibi kwa Kichaga kwamba wamesikia. Jumapili yake mama akaweka nia ya misa kwa ajili ya marehemu. Yaani ukoo ulifanya yake na kanisa likafanya yake na wote wakaridhika. Ninachokikumbuka ni kwamba hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliemuuliza baba swali moja kuhusu yeye mwenyewe. Wote tuliuliza kuhusu bibi: amekasirika? Anataka nini? Jembe lilikuwa la mkono gani?

Ada ikakosekana. Nikakaa mwaka, afu shangazi akanilipia kozi ya kompyuta miezi sita mjini, nikaajiriwa kwenye steshenari ya mtu, na 2014 nikafungua ya kwangu huku Majengo, Moshi mjini, printa moja na mashine ya kopi ya mtumba. Mama aliwahi kuniambia, siku moja nalia kuhusu shule, "mwanangu achana na ndoto za Alinacha." Sote tunamjua Alinacha wa ile hadithi ya zamani ya Waarabu, yule muuza vyombo vya kioo aliekaa sokoni anawaza faida mpaka kajiona bwana mkubwa, akarusha teke, vyombo vyote chini. Iliniuma sana. Nikawa najiuliza kwanini ndoto ya baba, ya usingizini, inaitwa wito, na ya kwangu, niliyoisomea mpaka usiku kwa kibatari, inaitwa ya Alinacha. Neno ni moja hilo hilo.

Na hilo neno ndo nalichapa kila siku. Anakuja kijana anataka barua ya maombi ya chuo, anaandika "ndoto yangu tangu utotoni ni kuwa nesi". Anakuja mwingine wa ajira za serikali, "kutimiza ndoto zangu". Kuna wiki nachapa ndoto ishirini. Nimekaa nikafikiria kitenzi chake, kuota, jinsi Kiswahili kilivyokibebesha mizigo: mahindi yanaota, mtoto anaota meno, babu anaota moto asubuhi ya Julai, mwingine anaota jua ukutani, na aliyelala anaota. Sidhani kama wanaochunguza lugha watakubaliana na mimi kwamba ni kitu kimoja, ila mimi naona kuna undugu. Kuna kitu kiko chini kinatafuta pa kutokea, au kuna mtu ana baridi anatafuta pa kusogelea.

Ila hayo nimeyafikiria baadae sana. Mwanzoni nilichunguza ndoto kwa hasira. Dukani kuna intaneti, na jioni wateja wakipungua nilikuwa nasoma nikitafuta ushahidi wa kumpelekea baba kwamba alikosea. Nilipokutana na habari ya mwaka 1953 nilifurahi kabisa. Pale Chuo Kikuu cha Chicago kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Eugene Aserinsky, chini ya mwalimu wake Nathaniel Kleitman, akawa anafunga watu nyaya kuangalia macho yao wakiwa wamelala, mmoja wa wa kwanza kufungwa alikuwa mtoto wake mwenyewe wa kiume wa miaka minane, na akakuta kuna vipindi vya usiku macho yanachezacheza kwa kasi chini ya kope. Ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi anakwambia alikuwa anaota. Vipindi hivyo vinajirudia karibu kila dakika 90, na jinsi kunavyokaribia kucha vinazidi kuwa virefu. Nikasema haa, ndo maana wazee wanasema ndoto ya alfajiri ni ya kweli, kumbe alfajiri ndo unaota kwa muda mrefu na ndo unaamka nayo kichwani, bibi hahusiki.

Nikaelewa na jinamizi pia. Kipindi hicho ubongo unalegeza misuli ya mwili ili usije ukaruka kitandani ukifuata ndoto yako, sasa kuna taimu akili inaamka kabla mwili haujafunguliwa, unaona kabisa chumba chako, unataka kupiga kelele sauti haitoki, na kifuani kama kuna mtu amekukalia. Mimi limenishika mara tatu na kila mara nilisali. Sasa hivi likinishika bado nasali, ila najua pia litaisha.

Kwahiyo nikawa na jibu, ni ubongo tu. Nilikaa na jibu hilo kama miaka miwili, na ningekuwa nalo mpaka leo kama sio mtihani wa baiolojia.

Naota mtihani. Nimeshaota zaidi ya mara thelathini, nimeanza kuandika kwenye kaunta buku pembeni ya kitanda. Niko kwenye chumba cha mtihani, nimechelewa, nafungua karatasi ya baiolojia, kurasa ni tupu au zimeandikwa kwa mwandiko nisioujua, msimamizi anasema zimebaki dakika kumi. Naamka nimelowa jasho. Nilidhani ni uchungu wa kukosa shule. Afu nikasoma alichoandika Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, na lazima niseme sikubaliani nae kwa mengi, kila kitu kwake ni tamaa iliyofichwa, ila kuhusu mitihani aliona kitu. Aliona kwamba watu wanaota mitihani waliyofaulu. Yeye mwenyewe aliwahi kufeli mtihani mmoja wa udaktari na huo hakuwahi kuuota hata siku moja, alikuwa anaota botania, zuolojia na kemia, ambayo alipita. Akasema ndoto hiyo inakuja usiku wa kuamkia siku ambayo mtu ana jukumu anahofia kushindwa, ni kama inamwambia uliogopa vivyo hivyo na ukapita.

Nikaenda kwenye kaunta buku. Hesabu, ambayo nilipata F, sijaiota hata mara moja. Ni baiolojia tu, yenye B. Na nikaangalia tarehe: usiku wa kuamkia siku ya kulipa kodi ya fremu, usiku kabla sijasaini mkopo wa kikundi, usiku kabla ya mtoto wangu kupelekwa hospitali. Nilikaa kimya dukani mteja ananiita sisikii. Sio kwamba naamini daktari yule alikuwa nabii. Ila nilielewa kwamba ndoto inaweza isiwe ujumbe kutoka kwa mtu mwingine na bado ikawa inasema kitu, na kinachosemwa ni kile mwenye ndoto amekibeba.

Ndo maana siku hizi nikiona zile posti za tafsiri kwenye Facebook napata hasira, na naomba mnisamehe maana wengi wenu mnazishea. Ukiota samaki kuna mtu ana mimba, ukiota kinyesi ni hela, meno yakitoka ni msiba, nyoka ni adui. Wote sawa? Mvuvi wa Nyumba ya Mungu akiota samaki na mimi wa Majengo nikiota samaki ni kitu kimoja? Unamuuliza mtu ambae hajui hata jina lako akwambie ndoto yako ina maana gani, na kuna wengine wanatoza hela, na kuna mama mmoja ninaemfahamu alimwacha dada wa kazi kwasababu "nabii" alimtafsiria paka.

Jirani yangu hapa Majengo, mama mtu mzima wa Kiislamu, alinifundisha kitu kizuri zaidi ya hizo posti zote. Aliniambia kwao ndoto ni za aina tatu, kuna inayotoka kwa Mungu, kuna ya shetani ya kukutia huzuni, na kuna inayotoka kwenye nafsi yako mwenyewe, yale unayoyawaza mchana. Ukiota mbaya unatema kwa pumzi mara tatu kushoto, unaomba kinga, unageuka ubavu mwingine, na humsimulii mtu. Ukiota nzuri unamsimulia yule anaekupenda tu. Akanikumbusha kwamba Nabii Yakobo alimkataza Yusufu asiwasimulie kaka zake. Kwetu kwenye Biblia Yusufu anawasimulia na wanamtupa shimoni. Alikuwa na miaka 17 alipoota, na aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30, imeandikwa. Miaka 13 ya utumwa na gereza katikati, na hizo ndo tunaziruka tukihubiri kuhusu ndoto kutimia.

Na kuna kisa kingine nakipenda sababu ni cha baiolojia. Otto Loewi, alikuwa anafundisha Austria, aliota usiku namna ya kufanya jaribio, akaamka akaandika kwenye karatasi, asubuhi hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe. Siku nzima anahangaika. Usiku wa pili ndoto ikarudi, hakuandika tena, aliondoka saa tisa usiku ile ile akaenda maabara, akachukua mioyo miwili ya vyura, akasisimua mshipa wa fahamu wa mmoja ukapunguza mapigo, akachukua yale maji yake akaweka kwa moyo wa pili na wenyewe ukapunguza. Ndo ikajulikana mishipa ya fahamu inatumia kemikali. Mwaka 1936 akapewa Nobel. Ila huyu alikuwa ameshalibeba hilo swali kwa miaka mingi, ndoto haikumwendea mtu ambae hana swali.

Basi. Desemba 2019 nilikuwa Kilema kwenye msiba, jioni watu wamekaa vikundi vikundi, akaja kukaa karibu yangu mzee mmoja aliekuwa anapanda na baba enzi hizo. Tukaongea mambo ya watoto, afu akasema kwa kupitia tu, kama kitu ambacho mi nakijua, "Baba yako tusingemshusha usiku ule tungemzika 2009."

Nikamwambia baba, maana mzee wa rika la baba ni baba, usiku upi?

Akanitazama. Akasema, "Kwani yeye aliwaambia nini?"

Alituambia alitegua mguu. Nakumbuka vizuri, mwezi Februari alirudi siku mbili kabla ya siku yake, anatembea taratibu, akasema mguu umeteguka. Kumbe alikuwa Kibo, kikohozi kimemshika tangu Horombo hasemi, usiku akawa hawezi kulala chali, akihema kifuani kunalia kama chungu kinachochemka, na midomo imebadilika rangi. Wenzake wakamweka kwenye ile machela ya gurudumu moja wakamkimbiza chini gizani na kila walivyoshuka alikuwa anahema vizuri kidogo. Daktari mmoja mteja wangu alinieleza baadae, ni maji yanavuja kwenye mapafu kwasababu ya mwinuko, dawa ya kwanza ni kushuka, na mtu ambae imeshampata mara moja ana hatari zaidi ikampata tena akirudi kule. Kiongozi wao alimwambia baba wazi kwamba akipanda tena anaweza asirudi. Na wale wanaume wote walikaa kimya miaka kumi sababu aliwaomba.

Wiki tatu baada ya usiku ule ndo bibi akaja na jembe.

Nilikaa na hiyo habari mpaka Machi. Siwezi kueleza vizuri ilivyonifanya. Nilichokuwa nakiona ni ile ngozi ya shingoni, na hizo kilo 20, na kwamba katika hizo kilo 20 ada yangu nayo ilikuwemo, udaktari wangu ulikuwa umefungwa juu ya kichwa chake na kamba, na mimi nilikasirika miaka kumi kwamba ameutua.

Jumapili moja nikapanda Kilema. Nilimkuta kihambani anamkatia ng'ombe majani, anga jeupe, kilele cha Kibo kinaonekana chote. Nikamsaidia kufunga mzigo wa majani, afu nikamwambia nimeongea na mzee fulani. Akaelewa. Akaendelea kufunga kamba.

Nikamuuliza kwanini hukusema.

"Ningemwambia nani? Mgumu akisema kifua kinamuuma hapangiwi safari. Na nyumbani mlikuwa mnanisubiri na ada." Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa nataka kurudi, ujue. Nilishafunga begi."

Nikamuuliza lile ambalo nilikuwa naogopa kuuliza, kwamba ile ndoto je, aliitunga?

Aliudhika kweli. "Nilimuota mama yangu. Naapa mbele za Mungu, nilimuona kama ninavyokuona wewe." Na mimi namwamini. Namwamini zaidi kuliko nilivyowahi kumwamini. Mtu ambae mke hawezi kumwambia pumzika, kampuni haiwezi, watoto ndo kabisa wanamtegemea, nani duniani aliebaki wa kumruhusu kutua mzigo? Ni mama yake. Na mama yake alikuwa ameshakufa, hana njia nyingine ya kupita zaidi ya usingizini. Kama ni bibi kweli aliekuja au ni kifua chake baba kilichovaa kitenge cha bibi, mimi sitaki tena kubishana. Alikuja.

Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha wa nini, chukua hayo majani twende, na akachuma jani la sale pale mpakani akanipa bila kusema kitu, na kwetu Wachaga sale ndo jani la msamaha, wenzangu wa huku mnajua hilo ni neno zito kiasi gani.

Tukiwa tunarudi nyumbani nikamuuliza kama bibi aliwahi kuja tena.

"Hapana. Siku hizi naota mlima tu."

"Umebeba?"

"Sibebi kitu. Natoka Kibo usiku, mikono mitupu, natembea tu na watu."

"Unafikaga kileleni?"

"Bado," akasema. "Naamshwaga na jogoo wa mama yako."